Mita Kumi Bila Maji

Wamekuvua pete, Marajan,
na saa, na shati lile la nailoni ulilolipenda kwa ubishi.
Tangu alfajiri, hapa Kitoro kwa mpwa wangu Zamzamu,
nimekusugua kwa sabuni isiyo na harufu
mpaka dilka ya miaka thelathini ikatoka nyuma ya masikio yako.
Mafuta kidogo na cheche, kasema muuguzi, basi.
Haya. Unaingizwa umevaa pamba tupu,
kama maiti.
Nisamehe. Neno limenitoka.

Bombo walisema upepo. Kapigwa na upepo.
Jirani akaleta kombe, ukanywa,
likachuruzika upande wa kulia wa kidevu.
Mulago wakaandika kiharusi,
wakatuonyesha ubongo wako na doa lake
kama chapati iliyosahauliwa motoni.
Na leo Entebbe wanakutibu kwa nini?
Kwa upepo.
Ningekuwa na wa kucheka naye, ningecheka.

Daktari Kyolaba hakuniuzia ndoto, nampa hilo.
“Wazamiaji walioumizwa na kina cha ziwa,
hao tuna hakika nao.
Kiharusi, mama, bado tunapapasa.
Utafiti huu unasema ndiyo, ule unasema hapana.
Palipo na doa pamekufa.
Pembeni mwa doa, huenda wapo waliozimia tu.
Hao ndio tunaowabishia hodi.”
Huenda.
Nikauza kiwanja cha nyuma, chenye mpera,
nikalinunua neno hilo la silabi tatu.

Mlango unajifunga kwa kishindo cha sufuria kubwa.
Mshale wa kipimo unapanda.
Uko mita kumi chini, anasema muuguzi,
wala hujalowa.
Ziwa lenyewe liko kule nyuma ya ua,
limelala, halina habari.
Kwenye kidirisha cha mviringo nakuonyesha koo langu:
meza mate, Marajan, masikio yazibuke.
Unameza nusu. Nusu inarudi.

Miaka ishirini na sita uliisukuma hewa
kutoka tumboni hadi kwenye shaba ya bendi ya polisi,
mashavu yamefura kama maandazi,
na wakubwa wakasimama wima kwa pumzi yako.
Sasa hewa ndiyo inayokusukuma wewe.

Mimi nasuka. Nyekundu, nyeusi, nyekundu.
Kila ukishuka, tabaga linaongezeka mzunguko mmoja.
Nilipokosea siku ya saba sikufumua;
kosa limo, kama jino lililopinda,
ndiyo siku uliyolia humo ndani
na hakuna aliyejua unalilia nini.

Siku ya kumi na nane, umeshatoka, chai inapoa,
kidole chako cha shahada, cha kulia,
kikabonyeza shuka.
Kikainuka.
Kikabonyeza.
Cha kati kikataka kufuata, kikashindwa.
Msuli tu umeshtuka, alisema muuguzi.
Yeye hajalala kando ya kidole kile,
hakikumpigia mgongoni usiku kucha gwaride la kesho.
Mimi naijua ile. Ile ni vali ya kwanza.

Ni hewa? Ni Odongkara,
yule kijana wa mazoezi anayekukunja magoti hadi utukane kwa macho?
Ni siku zenyewe, zinazoponya bila kudai ada?
Daktari aliandika yote matatu
na mbele ya kila moja akaweka alama ya kuuliza,
kisha akachelewa kufunga kalamu.

Leo ni ya kumi na tisa.
Wanataka arobaini. Nina fedha za thelathini na moja.
Usiniulize, hata ukipata ulimi leo,
usianze na hilo.

Shuka polepole.
Mshale unapanda, na mimi huku nje,
kwenye benchi, na ukindu mapajani,
nashtukia masikio yangu yameziba.
Meza mate, Marajan.
Nami nameza.